Vidole Kumi vya Mkutano Mkuu

Adelina mwanangu,

Nilipokuwa kidato cha pili nilihudhuria mkutano mkuu maalumu wa chama cha ushirika cha kijiji chetu kwa niaba ya wanachama wote. Wote, nasema. Waliokuwa shambani, waliokuwa wagonjwa, na bibi mmoja aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Niliwahudhurisha kwa vidole vyangu kumi na pedi ya wino, kwenye chumba tulichokuwa watu wawili tu, mimi na katibu wa chama.

Sijamwambia mtu. Padri hajui, na huyo nimemuungamia mpaka sukari niliyoilamba jikoni utotoni. Baba yako hajui. Babu yako alijua bila kuambiwa, na hilo ndilo baya kuliko yote. Nitalifikia.

Nakuandikia mchana huu kwa sababu umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kesho asubuhi basi la Namanyere linakuchukua. Mambo ya blanketi, ya kutokopesha sufuria, ya nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumjibu dirishani, shangazi yako amekwisha kukujaza mpaka umeziba masikio. Mimi nina hili moja tu, na kwa mdomo siliwezi. Unanijua. Hata kwenye harusi yangu mwenyewe nilisimama nyuma ya mlango mpaka nikaja kuvutwa mkono.

Juzi tulipokuwa tunakula ulinieleza kazi yako mpya ya afisa ushirika msaidizi, macho yakikung'aa. Siku hizi mazao yanapitia kwenye chama, kuna ghala, kuna stakabadhi, kuna mnada wa wazi, na wewe utakuwa mtu wa kukagua mihtasari ya mikutano kabla haijapigwa muhuri. "Mama, siyo kama zamani," ukasema. Nikaitikia, nikaongeza mchuzi. Mwanangu, hiyo "siyo kama zamani" niliisikia kabla hujazaliwa, na aliyeisema alikuwa na tai.

Babu yako alikuwa akivihesabu vyama vya ushirika kama watu wanavyohesabu wake wa mwanamume asiyetulia. Kulikuwa na cha kwanza, kikavunjwa kwa tangazo la redio. Kikaja cha pili, nacho kikafa, kifo chake kikaitwa mageuzi. Kikafufuliwa. Kila kilipofufuka alikuja bwana kutoka mjini na mkoba, muhuri mpya, na masharti ya chama yaliyopigwa chapa, maneno yale yale na makosa ya chapa yale yale. Jina la kijiji tu ndilo lililoachwa nukta nukta, mjaze wenyewe. Ndivyo walivyotujali.

Kitu kimoja tu kwenye chama kile kilikuwa cha kweli, nacho hakikutoka kwenye mkoba. Wazee walifyatua matofali, wakayachoma, wakajenga ghala, wakaezeka bati, kisha wakanunua mashine ya kusaga. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku na debe la mahindi kichwani wakawa wanasaga pale pale kijijini. Mashine ile ikiwaka asubuhi, mama yangu alikuwa anatabasamu peke yake.

Katibu wa chama alikuwa Didas. Ndiyo, huyo huyo. Huyo unayempigia magoti na kumwita babu, aliyekuletea jogoo jana baada ya misa. Wakati ule alikuwa kijana na alivaa viatu vyeupe. Ufipa, mwezi wa pili, matope mpaka kwenye vifundo, mtu anavaa viatu vyeupe! Mtu wa namna hiyo anataka mjue jambo moja, kwamba yeye hashiki jembe. Alikuwa na kicheko cha kuazima na msamiati wa semina. Akikuomba maji ya kunywa alianza na "kimsingi."

Na mimi nilimhusudu. Sikia hapo, maana ndipo penye aibu. Shule ya msingi tulifundishwa Kiswahili, sekondari Kiingereza, na Kifipa tulikiacha getini kama mbwa aliyetufuata. Nikawa na lugha nyingi na sina sauti. Mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua, mdomo haufunguki. Wenzangu waliniita Ukuta. Likizo moja Didas akaona daftari langu, akasema, "Binti, mwandiko huu ni wa ofisini." Akanipa kiti, meza, na kazi ya kunakili mihtasari ya chama. Hapo sikuhitaji kusema kitu. Niliandika tu, na watu wazima wakawa wanayatii maandishi yangu. Aliniita Katibu Msaidizi. Malipo yangu yalikuwa soda na kalamu ya wino. Nilinunulika kwa bei hiyo, na nadhani hata soda moja ingetosha.

Sasa, wewe umekulia hapa mjini, Majengo, matuta ya kwetu umeyaona likizo tu, ukiyapiga picha. Tunafyeka nyasi, tunazifunika kwa udongo, tunainua kilima cha mviringo kama mgongo wa kobe, nyasi zioze ndani zilishe shamba. Kazi hiyo mtu mmoja haimalizi. Unapika pombe ya ulezi, unawaita majirani, wanakuja na majembe, mnalima mstari mmoja huku mnataniana, jioni mnakunywa. Keshokutwa ni zamu ya mwingine. Hakuna mwenyekiti wala daftari, na sijawahi kuona akidi ikikosekana. Siku ya kulima kwa mtu haishindani na kitu, hata msiba wa mbali unasubiri.

Didas alilijua hilo kama tunavyolijua wote. Kwa hiyo mkutano mkuu maalumu aliuitisha siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kinalima kwa mjane mmoja, Mama Gaudensia. Tangazo akalibandika kwenye mlango wa ghala, upande wa ndani.

Nilipofika nikakuta viti vitupu.

"Hawaji," nikamwambia. "Wako kwa Mama Gaudensia."

"Najua walipo. Kimsingi, Wilaya haisomi viti. Inasoma daftari." Akanisogezea pedi ya wino. "Lete vidole, Katibu Msaidizi."

"Vyangu?"

"Unaona vya nani wengine? Wengi wao hawajui kuandika. Kidole ni kidole, Mungu ndiye atakayevitofautisha."

Nikacheka, Adelina. Nilicheka. Kisha nikaanza. Gumba nikawapa wazee wenye mashamba makubwa. Vidole vidogo nikawapa akina bibi. Vilipoisha nikavilaza ubavu, nikapata vingine. Nikajiona fundi. Tulipofika kwa Bibi Skolastika nikasita.

"Huyu si alikufa?"

"Hajafutwa. Asiyefutwa yupo."

Nikamhudhurisha.

Mwisho likabaki jina la baba yangu. Babu yako alijifunza kusoma ukubwani, na alikataa katakata kuweka kidole. Jina lake aliliandika herufi moja moja, polepole, kama mtu anayepanga matofali na kurudi nyuma kuangalia kama ukuta umenyooka. Sahihi ile niliijua kuliko yangu. Nikaiweka. Juu ya ukurasa nikaandika, kwa ule mwandiko wa ofisini: "Wajumbe wote kwa kauli moja walikubali ghala na mashine ya kusaga vikabidhiwe kwa mwekezaji." Mwekezaji alikuwa shemeji yake Didas.

Usinitafutie mlango wa kutokea. Usiseme mama alikuwa mtoto, hakuelewa. Nilielewa kila neno, mimi ndiye niliyeliandika.

Kufuli jipya lilipowekwa kwenye mashine, wazee walikwenda Sumbawanga kulalamika. Baba akanichukua. Njiani, tumesimama nyuma ya lori, alinishika bega akawaambia wenzake, "Safari hii hawatuchezei. Huyu amesoma Kiswahili na Kiingereza. Karatasi yoyote watakayoitoa, ataisoma." Mimi nikaangalia vumbi.

Afisa wa siku hizo alikuwa na feni iliyokuwa inampepea yeye peke yake. Hakuwahi kufika kijijini kwetu, na alisema hivyo bila haya, kwamba barabara ni mbaya. Akafungua daftari, akaligeuza kwa vidole viwili kama mtu anayegeuza samaki aliyeoza.

"Wazee wangu, ushirika ni wenu, siyo wa serikali. Sisi tunasimamia tu. Akidi ilitimia, uamuzi mlipitisha. Sasa mnalia nini?"

"Hatukukaa mkutano," wakasema kwa pamoja.

"Vidole hivi vimetoka wapi, mbinguni? Na hii hapa?" Akalisukuma daftari mpaka mbele ya baba. "Hii siyo sahihi yako, mzee?"

Baba akainama. Aliiangalia muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kando ya kiwiko chake, nikaona kidole chake kinafuata herufi, ya kwanza, ya pili, kinakaribia mwisho, kinasimama. Hakunigeukia. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Ni yangu," akasema.

Mwenzake mmoja akamshika shati. "Umesemaje?"

"Nimesema ni yangu."

Afisa akafunga daftari. Kesi yote ilichukua muda wa kunywa chai, na kweli alikuwa anakunywa chai.

Kuanzia siku hiyo kijiji kilimpa babu yako jina jipya. Mzee Ni-Yangu. Watoto walijificha kwenye mahindi wakaita, "Shikamoo Ni-Yangu! Hilo jembe ni lako? Na hiyo njia nayo ni yako?" Walisema aliuza mashine, kwamba amelipwa, kwamba anangoja tu moto upoe ajenge nyumba ya bati. Na mimi niliyaosha masikio yangu kila jioni, nikafungua vitabu, nikafaulu. Walimu walinisifu kwa utulivu.

Mwaka uliofuata zamu yetu ya kulima ikafika. Mama akapika pombe ya ulezi, chungu kikubwa. Baba akapita nyumba kwa nyumba kualika, kofia mkononi. Asubuhi tukasimama shambani watatu, baba, mama, mimi. Jua likapanda. Upande wa pili wa bonde tuliwasikia majirani wanalima kwa mtu mwingine, wanacheka. Hakuja hata mmoja. Hata Mama Gaudensia hakuja, na siku ile ile ya daftari baba alikuwa shambani kwake tangu alfajiri, mgongo umeinama, anainua matuta yake.

Baba akasubiri mpaka umande ukakauka. Kisha akaenda kwenye chungu, akachota kibuyu kimoja, akanywa.

"Imeiva vizuri," akamwambia mama.

Akachukua jembe. Tulilima siku nyingi mno. Pombe ikachacha, mama akaimwaga nyuma ya nyumba akiwa ametupa mgongo. Siku moja, tuko wawili mstarini, baba akasema bila kuinua kichwa:

"Mkono wako mzuri. Ila ile herufi ya mwisho, mimi huwa siivuti hivyo."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Basi. Ndiyo mazungumzo yetu yote kuhusu jambo lile. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalima peke yake mpaka magoti yakakataa, na katika miaka yote hiyo mimi nilikuwa na mdomo. Ningesimama kanisani siku moja tu niseme: ni mimi. Sikusimama. Kwenye mazishi yake nilisikia mtu anasema, "Alikuwa mtu mzuri, ila ile tamaa," nikampelekea huyo mtu sahani ya wali. Kubwa kabisa. Yenye nyama.

Ndiyo maana sicheki unaponiambia mama ni mpole. Upole wangu ni wa kuku aliyelalia mayai ya wizi.

Sasa jana. Didas kaja na jogoo, suti na fimbo ya kutembelea, kazeeka vizuri, watu wa aina ile huzeeka vizuri. Akakubariki kwa mikono miwili. Akasema, "Mjukuu wangu, nyie ndio ushirika wa kisasa. Sisi tulianza na vidole vitupu." Akanigeukia mimi niliyekuwa nawapimia chai, akakonyeza. "Mama yako huyu alikuwa na mwandiko wa malaika. Alinisaidia sana. Hajakwambia?" Ukacheka, ukaniangalia kwa fahari. Kisha akatoa lile faili la kijani. "Kuna chama kimoja cha wakulima wa maharage huko unakokwenda. Mambo yote yamekamilika, ni suala la muhuri tu. Ukifika, uanze nalo, usilicheleweshe, wakulima ni watu wa kuhurumiwa." Ukalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu niliyokufundisha mimi, ukalitia kwenye begi.

Ulipotoka leo nimefungua begi lako. Nisamehe. Nililisoma faili lote. Ni muhtasari wa mkutano mkuu maalumu. Wajumbe wote kwa kauli moja wamekubali ghala lao likabidhiwe kwa msimamizi, na msimamizi ni yeye. Hata ubunifu hana! Miaka yote hii, serikali zimebadilika, sheria zimebadilika, mizani imepata kioo na namba za kuwaka, na huyu mtu bado anatembea na sentensi yangu ile ile, kaondoa mashine tu na mwekezaji kamwita msimamizi. Ningekuwa na tabia ya kucheka ningecheka.

Kisha nikafika kwenye orodha ya mahudhurio, sikutamani tena kucheka. Vidole vile ni vidogo, Adelina. Kimoja kina kovu, mstari mweupe umekikata katikati, na kovu hilo limejitokeza kwenye majina sita ya wanaume. Halafu kimelazwa ubavu, ili kisijulikane. Najua anavyojisikia aliyekilaza. Kuna binti mahali huko ana kovu kidoleni na mwandiko mzuri, hasemi sana, na kuna mtu anamwita Katibu Msaidizi.

Nilitaka kulichoma. Mkaa ulikuwa unawaka, nilikwisha kulisogeza. Lakini kulichoma ni kukuhudhurisha wewe bila wewe kuwepo, na kazi hiyo nimeifanya ya kutosha maishani. Faili ni lako na muhuri utakuwa wako. Sikufundishi kazi. Najua tu vitu vichache ambavyo havimo kwenye masharti yenu. Muhtasari ukikuambia watu wote walikubali kwa kauli moja, ujue mwandishi alikuwa peke yake, maana Wafipa watatu hawakubaliani hata kuhusu njia ya kwenda kisimani. Na ukitaka kuwaona wanachama, usiende siku ya mkutano. Nenda siku ya kulima, uvue viatu. Barabara itakuwa mbaya.

Na huyo binti, ukimpata, usimfokee. Mwulize baba yake ni nani, kisha nenda kaongee na baba huyo kabla hajaitwa mahali kuulizwa mbele ya watu.

Ukilipiga muhuri, sitakupigia simu kukulaumu. Nitajua tu kwamba nimekulea mimi. Ukikataa, watakuuliza umejuaje, na jibu ni jina langu. Liseme. Kijiji kile kitaniita vyovyote kitakavyo, na wajukuu wa wale waliojificha kwenye mahindi wataimba. Sawa. Nimechelewa kwenye zamu yangu.

Nasikia vicheko njiani. Ni wewe, na sauti nyingine naijua.

"Mama yako kesho stendi atajifunika kanga, utaona! Hatasema neno."

"Babu, mwache mama yangu bwana."

Sijui mmekutana wapi. Viatu vinakung'utwa barazani. Tangu nianze kuandika nimekuwa nikiifunika karatasi hii kila kuku anapopita mlangoni, na mkono wangu tayari ulikuwa umekwenda kuchukua kanga. Nimeirudisha. Faili nimeliweka mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa vidole, na barua hii iko kando yake.

Anapiga hodi kwa ile fimbo yake.

Karibuni. Mpishe mzee, mwanangu, aingie wa kwanza.